Maana ya Nne ya Neno Shuka

Oresta aliisikiliza sauti ile iliyonaswa jana kwa mara ya nne, safari hii akiwa amefumba macho.

"Hodi," alisema mama mmoja mtu mzima, kwanza kwa mbali, kisha karibu zaidi. "Hodi hapa, mwanangu."

"Karibu, mama," Mlezi alijibu. "Nikusaidie nini?"

"Nashuka, mwanangu."

"Sawa, mama. Tutafika Kasanga kesho saa nne asubuhi. Utashuka pale bila shida."

Mama alikuwa anavuta pumzi kama aliyepanda mlima.

"Kesho ni mbali. Nashuka sasa hivi."

"Pole kwa uchovu wa safari, mama. Meli iko katikati ya ziwa, haiwezekani kushuka sasa. Nikuwekee muziki wa kukutuliza?"

"Nashuka kweli kweli," mama alisema, taratibu, kama anayemwelewesha mtoto. Kwaya ilikuwa imeshaanza kuimba. Mama akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyetaka kumwaibisha mwenyeji wake. "Haya, mwanangu. Basi nangoja."

Baada ya hapo ilikuwa kwaya tu, nyimbo tatu na nusu, mpaka mfanya usafi aliposikika akipiga yowe.

Oresta akazima. Jua la saa moja asubuhi lilikuwa limeingia kwenye chumba kidogo cha kusikilizia. Meli ya Nyota ya Ufipa ilikuwa inakata maji kimya kimya kuelekea kusini, na saa tatu zilibaki kabla ya kutia nanga Kasanga. Chini kabisa, kwenye chumba cha baridi cha jikoni, wapishi walikuwa wamehamisha makasha ya samaki ili kuupisha mwili wa Mama Gaudensia, mwenye sauti ile.

Mbele yake, kwenye kioo, ulikuwa umefunguliwa ukurasa wa kamusi ya Mlezi, mashine iliyowahudumia abiria. Aliuandika yeye mwenyewe miaka miwili iliyopita, alipoajiriwa kutoka chuoni kuifundisha mashine Kiswahili.

Shuka. Moja: kutoka katika chombo cha usafiri. Mbili: kwenda chini, kama kwenye ngazi au mlima. Tatu: kitambaa cha kutandika kitandani.

Aliikumbuka siku ile. Alikuwa ameiambia mashine, "Nimeshuka kuchukua shuka," nayo ikajibu, "Shuka safi ziko ghorofa ya kwanza, dada, umeshafika." Chumba kizima kilipiga makofi. Wakaagiza soda. Oresta alimpigia simu mama yake Sumbawanga usiku ule akamwambia, mama, mashine yangu inajua tofauti.

Sasa aliutazama ukurasa, akaona pengo lililokuwa chini ya maana ya tatu.

*

Alikuwa amekutana na Mama Gaudensia siku nne nyuma, bandarini Kigoma, kwenye meza ya ukaguzi. Meli ilikuwa inapita kwenye nchi tatu, na sheria ya afya ilikataza chakula chochote cha nje kupanda melini. Mama, mrefu, mwembamba, kitenge cha kijani kiunoni, alifungua mkoba wake akaanza kutoa vitu kimoja kimoja: karanga za kuchemsha kwenye mfuko wa karatasi, viazi vitamu vitatu, mayai mawili. Mwisho akafungua pindo la kitenge, akatoa pakiti ndogo ya glukosi iliyokunjwa mara nyingi mpaka imekuwa laini kama kitambaa.

"Na hiki pia?" aliuliza.

"Na hicho pia, mama. Samahani."

"Sasa mwenye sukari kama mimi, kati ya chakula na chakula, ninyi mnataka nitafune nini? Kamba za meli?"

Binti yake, Pelagia, mwalimu wa sekondari pale Kigoma, aliona haya. "Mama, nimeshakueleza. Meli hii imetengenezwa kwa ajili ya watu wa sukari. Ndiyo maana nimekuleta."

"Humu ndani, mama," Oresta alisema, na alikumbuka vizuri jinsi alivyojisikia fahari akiyatamka maneno hayo, "chakula kitakutafuta chenyewe."

Akawapeleka mpaka ghorofa ya pili, akawaonyesha kabati la ukutani karibu na chumba chao. Nyota ya Ufipa ilikuwa na makabati thelathini na mawili kama lile, kila baada ya milango sita. Mama alilitazama, akavua kandambili, akagonga mlango wake mdogo kwa kidole.

"Hodi."

Pelagia akajifunika uso. "Mama, ni mashine."

"Isiyojua hodi itajuaje njaa?"

"Karibu, mama," Mlezi alisema, na mama akaruka hatua moja nyuma, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. Mlezi alikuwa ameshakisoma kihisi kilichobandikwa kwenye mkono wake wa kushoto, kidude kisichozidi kifungo cha koti, ambacho kilionja sukari yake kila dakika. "Sukari yako ni nne nukta sita, na inateremka polepole. Chakula cha jioni kiko mbali. Chukua karanga kiganja kimoja na nusu ya ndizi."

Mlango ukafunguka. Karanga zilikuwa na joto.

Mama alikaa kwenye benchi la korido akala polepole, punje baada ya punje. "Miaka kumi na moja," alimwambia Oresta, "natembea na viazi kwenye mkoba kama mkimbizi. Harusini nina viazi. Msibani nina viazi. Siku moja padri ameninyooshea komunyo, kiazi kikaanguka miguuni pake."

"Akafanyaje?"

"Akakiokota, akanipa. Angefanyaje? Anatujua. Sisi wa kliniki ya Matai tuko kumi na wanne, tunakaa mstari mmoja. Mama Sikitu aliwahi kushuka katikati ya mahubiri, basi kanisa zima likasimama."

Oresta alicheka. Alimwona Mama Sikitu akilini mwake, mwanakwaya mnene akishuka jukwaani wakati padri bado anahubiri.

Kabla hajaondoka alimwambia, "Mama, si lazima ungoje ikuambie. Ukijisikia vibaya iambie tu, nipe juisi, nipe karanga. Itatoa."

"Niombe chakula?" Mama alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi mgeni humu, mwanangu. Nitasema hali yangu. Mwenyeji mwenye adabu atajua la kufanya."

Bibi yake Oresta alikuwa hivyo hivyo. Angekaa kwa watu toka asubuhi mpaka jua linazama, akizungumzia tumbo lake lilivyo tulivu leo, wala asingetaja ugali. Oresta alitabasamu, akaagana, akaenda zake. Hakuandika kitu.

*

"Bado uko hapa," alisema Kletus.

Alikuwa mkuu wa huduma za abiria, mtu wa makamo mwenye tumbo dogo na sauti ya upole. Mikono ya shati lake ilikuwa imekunjwa, na kihisi chake kilionekana juu kidogo ya kiwiko. Alikuwa na sukari tangu ujana.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Umeisikiliza tena?"

"Kihisi cha mama kilibadilishwa saa nane mchana," Oresta alisema. "Kipya kinahitaji saa mbili ndipo kiaminike. Kwa saa mbili hizo Mlezi hana macho, ana masikio tu. Kwa hiyo anategemea maneno ya abiria. Maneno ambayo mimi ndiye niliyemfundisha."

"Najua mfumo unavyofanya kazi."

"Mchana walipika tambi. Mama alijichoma insulini ya sahani nzima, akala vijiko viwili, hazipendi. Nimemuuliza mhudumu wa meza. Saa tisa na dakika arobaini akatoka chumbani kwenda kwenye kabati." Aligeuza kiti. "Bosi, hakuwa anataka kushuka melini. Sukari ndiyo iliyokuwa inashuka. Wagonjwa wanasema nashuka, kama vile ni wao wenyewe wanaokwenda chini. Mimi nilikusanya maneno mia mbili na kumi na manne ya watu walioishiwa sukari. Natetemeka, naona giza, miguu siioni. Yote niliyapata kwa madaktari na wauguzi wa hospitali tatu. Wauguzi husema sukari imeshuka. Sikumuuliza mgonjwa hata mmoja."

Kletus alivuta kiti akakaa.

"Nilijua jana," alisema. "Niliposikia mara ya kwanza tu. Hata kliniki yetu Tanga tunasema hivyo. Jana nimeshuka, mke wangu kanikuta sakafuni."

"Ulijua? Na ukaenda kumwambia binti yake kwamba mama aliomba ateremshwe?"

"Nilimsomea alichosema mama yake, neno kwa neno. Sikuongeza wala sikupunguza." Aliinamisha kichwa. "Daktari ameandika moyo. Sukari ya marehemu haisemi kweli, inaendelea kupungua hata baada ya kifo, hakuna atakayethibitisha lolote. Sasa nisikilize, Oresta, halafu uamue. Andika maana mpya asubuhi hii. Isitokee tena kwa mtu yeyote. Lakini usiende kwa yule dada."

"Kwa nini?"

"Utampa nini? Leo anaamini mama yake alichoka na safari, akapatwa na moyo. Ni huzuni, lakini ni huzuni ya kawaida. Wewe unataka kumwambia mama yake alikufa anangoja juisi, nayo iko sentimita mbili nyuma ya mlango. Atalala na hiyo picha maisha yake yote. Na akisema bandarini, mfumo utazimwa kesho. Unajua mimi nilikuwa nasafirije kabla ya meli hii? Sikuwa nasafiri. Miaka ishirini nimekula nikiwa na hofu. Humu nimeona wazee wanacheza rumba saa kumi jioni kwa sababu wana hakika kuna kitu ukutani kinawaangalia. Watarudi kwenye viazi vya mkobani."

Oresta alijua Kletus hasemi uongo. Baba yake mdogo alikuwa amekufa kwa ugonjwa huohuo, akiogopa kila sahani iliyowekwa mbele yake, na ndiyo sababu aliiomba kazi hii akaiacha ya kufundisha chuoni. Alikuwa amewaona wazee wakicheza. Alikuwa amelia siku ya kwanza alipowaona.

"Mimi ndiye niliyekosea," alisema.

"Ndiyo. Na ukienda kwake, utakuwa unapunguza mzigo wako au wake? Jiulize hilo kwanza."

Alijiuliza. Alijiuliza akipanda ngazi, alijiuliza kwenye korido ya ghorofa ya pili, na hata alipofika mbele ya chumba mia mbili na kumi na saba alikuwa bado anajiuliza. Alipita kabati lile bila kulitazama. Angeweza kurudi. Mkono ulikuwa tayari mfukoni, umekishika kinasa sauti, na mlango ulikuwa wazi.

*

Pelagia alikuwa anakunja nguo. Sanduku moja lilikuwa limefungwa. Kitenge cha kijani kilikuwa kitandani peke yake, hajakigusa.

"Pole, dada," Oresta alisema.

"Ahsante. Kaa, tafadhali. Samahani, pamevurugika." Macho yake yalikuwa makavu na mekundu. "Wamesema watamshusha saa nne. Kaka zangu wanakuja na gari kutoka Matai. Tutazika kesho."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo kweli ameshuka Kasanga. Kama alivyotaka." Alikunja blauzi, akaikunjua, akaikunja tena. "Nilimtoa kwake mwezi mmoja na nusu tu uliopita. Nikasema mama, unaishi peke yako, una sukari, njoo tukae wote Kigoma. Kila asubuhi namuuliza, umeshazoea? Ananijibu nimezoea, mwanangu. Nikaomba likizo kazini, nikamleta kwenye safari hii, nikijua atafurahi kupaona nyumbani kwa mbali kisha turudi. Kumbe anahesabu siku. Kumbe alikuwa anaibembeleza mashine imteremshe, anikimbie. Mimi niko juu huko, kwenye bwawa, naogelea."

Hapo ndipo Oresta alipolipata jibu la swali la Kletus. Huzuni ya dada huyu haikuwa ya kawaida hata kidogo. Wao ndio waliomtengenezea.

"Dada Pelagia, mama hakutaka kushuka melini."

Alimweleza. Alieleza kihisi kipya na saa mbili zake, tambi na insulini, namna akina mama wa kliniki wanavyosema, na namna yeye, Oresta, alivyoorodhesha maana tatu akadhani amemaliza. Hakusema "mfumo". Alisema "mimi".

Pelagia alisikiliza akiwa amesimama, blauzi mkononi.

"Kwa hiyo alikuwa na njaa."

"Sukari ilikuwa imepungua sana, na mtu akiwa hivyo hata akili hupotea, hawezi..."

"Sema njaa."

"Alikuwa na njaa," Oresta alisema.

"Amesimama mbele ya chakula, ana njaa, nanyi mkampigia kwaya." Alisema kwa sauti ndogo sana. "Ndani mlikuwa na nini?"

"Dada..."

"Kabatini. Nataka kujua kilichokuwemo."

"Karanga. Ndizi. Maziwa mgando. Juisi ya embe."

"Ingetosha ipi?"

"Juisi. Nusu glasi."

Pelagia aliiweka blauzi chini. "Alisema mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Toka," alisema. "Tafadhali, toka kabla sijakutukana."

Oresta aliinuka. Alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia nyuma yake, "Ngoja."

Akangoja.

"Aliposema hivyo. Alisikika ana hasira?"

"Hapana. Alianza na hodi. Aliiita mwanangu mpaka mwisho."

Ndipo Pelagia alipolia, kwa mara ya kwanza tangu jana. Alikaa kitandani, akakivuta kitenge kile, akakikumbatia kama mtoto mchanga, na Oresta akasimama mlangoni bila kujua kama aende au abaki. Muda ulipita. Honi ya meli ililia mara moja, kuashiria saa moja imebaki.

"Hakuwa ananikimbia," Pelagia alisema kwenye kitenge.

"Hapana."

"Usiniombe msamaha leo. Sina."

"Sikuja kuuomba. Nimekuletea hii." Oresta aliweka kinasa sauti juu ya meza. "Sauti yake. Ni yako, na mtu wa bandari akitaka kuisikia, ni haki yako kumpa. Mimi mwenyewe nitamwandikia maelezo. Na kuna jambo moja nataka kukuuliza. Kila maana katika kamusi ya Mlezi ina mfano wake, sentensi ambayo mtu alisema kweli. Naomba ruhusa niweke yake."

Pelagia alifuta uso kwa pindo la kitenge. Pindo lilikuwa na mkunjo mahali pakiti ya glukosi ilipokuwa ikikaa.

"Andika na jina lake," alisema. "Asije akawa abiria wa chumba namba fulani."

*

Shuka. Nne: kupungukiwa sukari mwilini (husemwa na mgonjwa mwenyewe). "Nashuka, mwanangu." Gaudensia wa Matai. Imeingizwa na Oresta, aliyeisahau.

Hiyo ilikuwa sehemu rahisi. Sehemu ngumu ilikuwa kumfundisha Mlezi achague. Mashine ile ilikuwa inapima maana zote za neno na kushika ile yenye uwezekano mkubwa, na melini, saa yoyote, kwa abiria yeyote, kushuka chomboni kungeshinda daima. Maana ya nne ingekaa kwenye kamusi kama mgeni aliyeachwa barazani. Angeweza kuiongezea uzito kidogo. Lakini ni kidogo kiasi gani? Ni kiasi gani kingetosha jana saa tisa na dakika arobaini?

Akamkumbuka bibi yake na habari zake za tumbo tulivu. Wenyeji wake hawakupima chochote. Walikuwa wanaweka maji ya kunawa kwanza, ndipo wanauliza habari za nyumbani.

Oresta akafuta kanuni yote ya uchaguzi kwa neno lile, akaandika nyingine. Mtu akisema anashuka, fungua. Toa nusu glasi ya juisi. Halafu uliza. Aliyekosewa atapata juisi asiyoihitaji, sukari itampanda kidogo, kihisi kitaona na jioni atapunguziwa wali. Asiyekosewa atapona. Mlezi akikosea, basi akosee kwa kutoa.

Akabonyeza. Kioo kikamwonyesha makabati thelathini na mawili yakipokea kanuni mpya, moja baada ya jingine, kama taa za mtaa zinavyowaka.

Hakufikiria kwamba leo ilikuwa siku ya kushuka.

Alilitambua hilo alipokuwa kwenye korido, begi lake begani, akienda kumwandikia mtu wa bandari maelezo yake. Milima ya Kasanga ilikuwa imeshajaza madirisha. Abiria walikuwa wametoka vyumbani na mizigo yao, wakisongamana, wakiagana.

"Haya, mzee mwenzangu, mimi nashuka hapa," alisema babu mmoja mwenye kofia.

Mlango mdogo ukafunguka kando ya bega lake. "Pole, baba," Mlezi alisema. "Kunywa hii kidogo, halafu uniambie unajisikiaje."

Babu aliitazama juisi. "Mimi? Sijaomba."

"Nawe unashuka?" mwanamke mmoja alimuuliza jirani yake mbele kidogo.

"Nashuka, nashuka, ndugu zangu wananingoja."

"Pole, mama. Kunywa hii kidogo."

Watu wakaanza kucheka. Mtu mmoja alisema kwa makusudi, "Jamani, nashuka!" na kabati likampa, na kicheko kikakimbia mpaka mwisho wa korido. Milango ilikuwa inafunguka kushoto na kulia, kumi, kumi na tano, na sauti ileile ya upole ikisema pole, pole, kunywa hii kidogo. Oresta aliegemea ukuta. Alitaka kurudi akazime.

Kisha kicheko kikafa kuanzia nyuma, hatua kwa hatua. Mabaharia wanne walikuwa wanakuja na jeneza. Watu walijibana ukutani, kila mmoja na glasi yake mkononi, wakavua kofia. Mabaharia walipita katikati ya makabati yaliyo wazi, na Pelagia alikuwa nyuma yao, kitenge cha kijani begani.

Alitazama kulia na kushoto. Aliona milango. Aliona watu na juisi zao. Mwanamke aliyeshikilia glasi alimnong'oneza kwa aibu, "Samahani, dada. Sisi tumesema tu tunashuka."

Pelagia alisimama. Jeneza lilitangulia hatua chache. Alitia mkono kwenye kabati lililokuwa karibu yake, lile la mlango wao, akachota karanga kiganja kimoja. Akazifunga kwenye pindo la kitenge, akalikaza fundo kwa meno. Macho yake yalikutana na ya Oresta. Hakutabasamu wala hakugeuza uso. Aliitikia kwa kichwa mara moja, akamfuata mama yake.

Kletus alikuwa amesimama kwenye lango la kutokea. Alikuwa ameona yote. Kihisi chake kilikuwa kinatoa mlio mdogo na hakukijali.

"Wataizima," alimwambia Oresta alipofika. "Unajua hilo. Ukishaandika maelezo yako, wataizima."

"Huenda. Au watakwenda Matai wakawaulize akina mama kumi na watatu waliobaki. Nitawaandikia hilo pia."

Kletus alilitazama begi lake. "Sasa na wewe unakwenda wapi? Meli inaondoka saa sita."

"Nashuka, bosi."

Nyuma yake mlango mdogo ukafunguka.

"Pole, dada," ilisema sauti aliyoichagua yeye mwenyewe kwa wiki sita. "Kunywa hii kidogo, halafu uniambie unajisikiaje."

Oresta aligeuka. Glasi ilikuwa pale, imejaa mpaka nusu. Chini gatini, kaka wawili waliovaa suti nyeusi walikuwa wanapokea jeneza mabegani. Aliichukua glasi kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa kupokea kitu ugenini.